Mji Usio na Lifti

Mliniacha nimesimama nje ya jiko langu mwenyewe, mkono kwenye kitasa, nikimsikia mke wangu akimwambia mama yake: "Amekubali, mama. Tunahama mwezi ujao, sote."

Kabla sijaufungua mlango huo, nimpe maneno machache yule anayejiunga nasi leo. Mimi ni fundi wa lifti, na kazi hiyo ndiyo iliyonilisha tangu nilipotoka chuo cha ufundi. Miezi michache iliyopita lifti ya jengo moja la ofisi ilishuka bila kuamriwa, ikamvunja mguu mwenzangu wa kazi, ambaye sote tunamwita Kapi. Yeye alikuwa juu ya paa la lifti, mimi nilikuwa katika chumba cha mashine, na lawama zikaniangukia mimi. Kampuni ikaniondoa majengoni ikaniweka kwenye ghala la vipuri, nikawa mlinzi wa misumari na grisi.

Wakati mimi nashuka, mke wangu, ambaye ni muuguzi mkunga, alikuwa anapanda. Aliombwa akaongoze kituo cha afya katika mji mdogo ulio ufukweni, mwendo wa nusu siku kwa basi. Mama yake, aliyekuja kwetu kupumzika kidogo, anaendelea kupumzika hadi leo.

Hayo yatosha. Nikafungua mlango.

"Nani amekubali?" nikauliza.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho.

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, Baba Pacha. Au kuna baba mwingine humu ndani?"

"Nimekubali lini?"

"Jumapili. Ulikuwa umelala chali chini ya sinki, unakaza bomba. Nikakuambia, tunahama mwezi ujao. Ukasema, tunahama mwezi ujao. Mama shahidi."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, kiti ambacho zamani kilikuwa changu.

"Nilisikia kwa masikio yangu yote mawili," akasema. "Na sauti ilikuwa nzuri tu, ya mtu aliyeridhika."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea.

Sina budi kuwaeleza jinsi sisi mafundi wa lifti tunavyofanya kazi, la sivyo mtaniona mwongo. Mafundi wawili wanapoingia kazini, mmoja huwa ndani ya shimo na mwingine juu kwenye mashine, wala hawaonani. Kila mmoja anaitegemea sauti ya mwenzake. Wa juu akisema "shusha", wa shimoni hurudia, "shusha". Hiyo ina maana moja tu: nimekusikia. Kukubali ni jambo jingine. Akishahakikisha kwamba mwili wake na zana zake viko salama, ndipo anapotamka "twende". Kabla ya neno hilo hakuna mkono unaogusa kitufe.

Nimeishi hivyo mpaka ulimi wangu umezoea kurudia wenyewe. Sokoni narudia bei. Kwa daktari narudia ugonjwa. Pacha wangu wamegeuza jambo hilo kuwa mchezo: "Baba, nyumba inaungua!" Nami huwajibu, huku nimeinamia gazeti, "Nyumba inaungua."

"Mama Pacha," nikasema, "nilirudia tu. Unanijua. Nikikubali nasema twende. Sikusema twende."

Kisu kikasimama juu ya kiazi.

"Ulirudia tu."

"Nilirudia tu."

"Kama kasuku," mama mkwe akasema.

"Mama, tafadhali." Mke wangu alikuwa bado ananitazama. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ile anayoitumia wodini hali ya mgonjwa inapokuwa mbaya: "Na ninapokuambia nakupenda, nawe ukasema nakupenda?"

Kuna maswali yanayotaka kujibiwa kabla hayajaisha kuulizwa. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu. Nilitaka kulipanga jibu langu vizuri, lisije likaeleweka vibaya kama lile la chini ya sinki. Nikavuta pumzi. Nikatafuta neno la kuanzia.

Nilipolipata, alikuwa amekwisha kunawa mikono na kutoka.

"Umechelewa, mkwe wangu," mama mkwe akasema. Akalivuta beseni la viazi, akaendelea pale kisu kilipoishia. "Hata hiyo lifti yenu, mtu akibonyeza ikakaa muda wote huo, hupanda ngazi akaenda zake."

Siku zilizofuata tuliongea kwa kupitia watoto.

"Mwambieni baba yenu chumvi iko mbele yake."

"Mwambieni mama yenu nimeiona."

"Baba, kwani mama haoni kwamba umeiona?"

Nyumba ilinibana. Ghalani misumari ilinitazama. Nilijaribu kuiweka shida yangu katika mpangilio, kama ninavyopanga zana kabla ya kazi, nikaona ina pande mbili tu. Nikibaki, nampoteza mke wangu. Nikienda, najipoteza mwenyewe, kwa maana fundi wa lifti katika mji usio na ghorofa ni sawa na mkunga katika kambi ya wanaume.

Ijumaa asubuhi nikapiga moyo konde.

"Nakwenda kuuona huo mji," nikamwambia mke wangu, yeye mwenyewe, si kwa kupitia mtu.

Alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya kazini. "Nenda," akasema. Akafunga na cha pili.

Basi likanishusha mchana kwenye mtaa mmoja mrefu, na kumbe mtaa huo ndio mji. Mchanga ulikuwa kila mahali: kwenye vizingiti, kwenye kiti cha kinyozi, katikati ya kurasa za gazeti nililolishika. Bawaba za madirisha zilikuwa zimeliwa na chumvi. Kwa mazoea macho yangu yalipanda kutafuta ghorofa, yakakutana na tangi la maji, yakashuka.

Nikaingia katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, mwanamke aliyechomeka kalamu nywelani, alikuwa anapanga makopo ya rangi.

"Samahani, dada. Mji huu una lifti?"

"Lifti?" Akaliweka kopo chini. "Ya kwenda wapi?"

"Juu."

"Juu kuna nini?"

Nikatazama darini.

"Kaka, huku mtu akitaka kwenda juu tunamuuzia ngazi. Ninazo za mbao na za alumini. Chukua ya alumini, haishiki kutu."

"Na fundi wa lifti akihamia hapa, atafanya nini?"

Akanikagua kuanzia viatu. "Ana mikono?"

"Anayo."

"Akili?"

"Za kutosha."

"Basi hatalala njaa. Friji zinakufa hapa kama inzi, chumvi inazitafuna. Pampu ya maji imelala. Jenereta ya nyumba ya wageni inakohoa kuliko babu yangu. Fundi tuliye naye anakuja kutoka mbali, na akija anakuwa amesahau spana." Akalirudisha kopo mahali pake. "Lakini huyo fundi wako akija hapa kuulizia lifti, atakufa huku anatuchekesha."

Nilitoka dukani mwake nikiwa mwepesi kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mtu kunitajia vitu vibovu bila kuniambia kwamba mimi ndiye niliyeviharibu.

Kituo cha afya kilikuwa mwisho wa mtaa. Muuguzi mkuu anayestaafu, ambaye mji mzima unamwita Sista, alinipokea barazani. Sare yake nyeupe ilikuwa imefuliwa mpaka ikawa nyembamba kama karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Mimi ni mume wa muuguzi anayekuja."

Akanitazama kwa muda. "Mume?"

"Mume."

"Hee," akasema.

Sikuipenda ile hee.

Akanionyesha chumba cha kujifungulia. Kilikuwa kisafi, chenye madirisha mapana, na mzani wa watoto umefunikwa kitambaa. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa anatembea taratibu, mkono ukutani. Alipotuona akauliza, "Sista, huyo mkunga mpya ataniwahi?"

"Atakuwahi, usiwe na haraka."

"Mwambie huyu wa ndani asiwe na haraka. Mimi sina."

Sista akacheka, kisha akanigeukia. "Unaona? Wanamsubiri. Magoti yangu yamekwisha. Twende nikuonyeshe atakapolala."

Akanipeleka nyuma ya jengo, akafungua mlango. Ndani mlikuwa na kitanda cha mtu mmoja, meza, kiti, na ndoano moja ya kutundikia nguo.

Nikadhani amekosea mlango. "Sista, sisi ni watu wanne. Watano, mama mkwe asipoondoka."

"Mwanzoni aliomba nyumba ya familia, ile pale yenye paa la bluu. Vyumba vitatu. Nikamwekea. Juzi akanipigia simu: Sista, nipe kile chumba kimoja. Nikamuuliza, na mume? Akasema, nipe kile chumba kimoja."

"Hakusema kwa nini?"

"Mwanangu, mimi ni mkunga. Nasubiri, sivuti."

Nikahesabu moyoni: juzi ilikuwa baada ya yale mazungumzo ya jikoni. Basi, nikajiambia, amekufa moyo juu yangu. Nilishindwa kujibu swali moja, naye akaamua kwamba hana mume wa kumfuata. Fasiri hiyo ilikuja haraka, ikakaa vizuri, na mimi kitu kikikaa vizuri huwa sikigusi tena.

"Nyumba ya paa la bluu bado ipo?"

"Ipo. Mfamasia anaimezea mate."

"Tunaichukua."

"Umemuuliza mwenzako?"

"Sista, mimi ni mume wake."

"Hilo sijaliuliza." Alinitazama kama anayepima joto bila kipimajoto. Kisha akatia mkono mfukoni, akanipa ufunguo. "Mkuu wa kituo atakuwa yeye. Akisema sivyo, urudi kwangu kwa basi la kwanza."

Nilikwenda kuikagua. Bawaba za mlango zililia, nikajua dawa yake. Upande wa nyuma palikuwa na kibanda kikavu, na nilipokitazama nikaziona friji zimepanga foleni, nami nimekaa katikati yake na bisibisi sikioni. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Njiani kurudi nililipanga jibu langu neno kwa neno. Sikutaka kuchelewa tena.

Nilipoingia nyumbani, nikakuta wamekaa sebuleni. Mama mkwe alikuwa anamimina chai. Mke wangu alikuwa bado katika sare, ametoka zamu. Na kwenye kochi, mguu ameunyosha juu ya stuli na magongo ameyaegemeza ukutani, alikaa Kapi.

"Kaka!" akapaza sauti. "Kaa chini kabla sijasema, usije ukaanguka, maana mimi siwezi kukudaka."

"Kuna nini?"

"Wataalamu wameifungua ile breki. Springi ilikuwa imekatika ndani kabisa, hakuna ambaye angeiona. Si wewe, si mimi. Ni chuma."

Nilikaa.

"Bado sijamaliza. Bosi anataka urudi majengoni Jumatatu, na si kurudi tu, uongoze kikosi. Ila anataka neno lako leo, sasa hivi. Ukisita, kikosi anampa Mdomo."

"Mdomo!"

"Mdomo huyo huyo. Yule anayeongea na simu akiwa shimoni. Atatuzika wote, kaka, na kwenye mazishi ataongea yeye."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kuliko nilivyowahi kungoja kitu chochote. Nilikuwa nimeyaota ghalani, mchana kweupe, macho wazi. Jina langu lilikuwa limesafishwa, na majengo yote ya mji yalikuwa yananiita.

Nikamtazama mke wangu.

"Hongera," akasema. Alimaanisha, nilimwona. "Nilijua si wewe. Tangu siku ya kwanza nilijua."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeushika ufunguo. Ningekaa kimya kidogo tu, ningeanza kupima. Na mimi nikianza kupima, chai hupoa na watu huondoka.

"Mwambie bosi ampe Mdomo," nikasema.

Kapi akapaliwa na chai. "Nini?"

"Nakwenda na mke wangu. Asante, ndugu yangu, lakini nakwenda na mke wangu." Nikauweka ufunguo mezani, katikati ya vikombe.

"Eeeh!" mama mkwe akapiga makofi. "Leo ndiyo nimepata mkwe!"

Mke wangu hakupiga makofi. Aliutazama ule ufunguo kama mtu anayetazama mdudu ambaye hajui kama anauma.

"Huu ni wa nini?"

"Wa nyumba ya paa la bluu. Vyumba vitatu. Sista aliniambia jinsi ulivyobadilisha, nami nimerudisha kama ilivyokuwa."

"Nani amekutuma urudishe?"

"Hakuna aliyenituma. Niliona umekufa moyo kwa sababu yangu, ndiyo maana ukaomba chumba kimoja. Sasa huna haja."

"Baba Pacha." Aliviweka viganja vyake juu ya magoti. "Niliomba chumba kimoja kwa sababu nataka chumba kimoja."

Mama mkwe, ambaye tangu ahamie kwetu hakuwahi kupungukiwa na neno, alilichukua birika akalishika tu.

"Ulikuwa na hasira," nikasema.

"Nilipopiga simu nilikuwa na hasira. Nilipoikata, hasira ilikuwa imekwisha, na bado nilikitaka. Nimetoka kwa mama nikaingia kwako. Kazini naitwa, nyumbani naitwa. Sijawahi hata siku moja kufungua mlango nikakuta kiti pale nilipokiacha. Sijui kama ni kwa muda au ni moja kwa moja. Usiniulize, sijui. Lakini nilitaka nijue nikiwa kule, peke yangu."

"Ungeniambia."

"Nilikuwa nakuambia leo. Nilimsikia shemeji anavyosema kuhusu kazi yako, nikasema, afadhali, kumbe naye anapata chake. Nilifurahi. Umeninyima hata furaha hiyo."

Nikamgeukia Kapi. Nilikuwa na njia moja imebaki.

"Ndugu yangu, huyo bosi, subiri kwanza usimpigie."

Kapi alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

"Kaka, nimeshamtumia ujumbe. Ulisema kwa uhakika. Hujawahi kusema jambo kwa uhakika hivyo tangu nikujue." Simu ikalia kidogo mikononi mwake. Akaisoma, akaigeuza kifudifudi juu ya paja lake. "Amejibu. Amesema asante kwa kutomchelewesha."

Nilikuwa nimeingia ndani na mikono miwili imejaa. Sasa nilikuwa na ufunguo wa nyumba ambayo mkuu wa kituo hakuitaka, na kikosi changu kilikuwa cha Mdomo.

Kapi akanyoosha mkono kutafuta magongo. "Shemeji, mimi niwapishe."

"Maliza chai yako, shemeji," mke wangu akamwambia kwa upole. "Wewe hujakosea kitu."

"Na pacha?" nikauliza. "Chumba kimoja, kitanda cha mtu mmoja. Pacha wako wapi katika mpango huo?"

Mara ya kwanza jioni ile nikamwona ameyumba.

"Mimi nilipanga watabaki hapa na mama hadi muhula uishe," akajibu. "Wewe ulisema wanakwenda kwenye vyumba vitatu. Kapi na bosi wake wamesema wanabaki na baba mkuu wa kikosi." Akainuka. "Tumewahamisha mara tatu, Baba Pacha, na hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza."

"Ni watoto," mama mkwe akasema.

"Wako darasa la sita, mama. Mimi katika darasa hilo nilikuwa nalea wadogo zangu, na wewe ndiye uliyeniambia kwamba nimekua."

Akaufungua mlango wa chumba chao. Walikuwa wamesimama nyuma yake tu, bega kwa bega, wala hawakujisumbua kujifanya kwamba walikuwa wanafanya jambo jingine.

"Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Njooni mkae. Hakuna atakayekasirika, na hakuna jibu baya. Mama anakwenda. Baba huenda akabaki. Ninyi mnataka kuishi wapi?"

Mkubwa akanitazama mimi. Mdogo akamtazama mama yake. Tangu waanze kusema, watoto hawa hujibu kwa pamoja: shuleni, dukani, hata wanapoulizwa nani amevunja sahani. Sauti mbili, neno moja.

Wakajibu kwa pamoja. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yao, halikuwa neno moja.